Kutoka Kwihara hadi tembe la bibi: Safari ya familia iliyorudi na homa

Swali lilianzia kwenye simu. Binti wa miaka 11, mkazi wa Nkuhungu jijini Dodoma, alikuwa akipekua picha katika simu ya mama yake jioni moja ya mwisho wa Mei, akakutana na ngome ya Hochosterwitz iliyoko Austria. Ni kilima kimoja kinachochomoza peke yake katikati ya mashamba. Njia ya kukipanda inakizunguka na kupita katika malango 14, na juu kabisa kuna jumba la mawe lenye minara.

“Mama, sisi kwetu hakuna hizi?”

Mama alijibu kwamba hizo ni za Wazungu. Baba, mwalimu wa sekondari ambaye wakati huo alikuwa akipiga pasi shati la ibada ya kesho yake, akadakia kwamba zipo, ila za kwetu ni za udongo. Akaongeza kwamba bibi yao mzaa baba analala ndani ya mojawapo kila siku, kule Bahi.

Watoto walicheka. Bibi analala kwenye ngome?

Ndivyo safari ya likizo ya Juni ilivyopangwa: kwa gari la kuazima, watoto watatu (binti huyo, mdogo wake wa kiume mwenye miaka 7 na kitindamimba wa miaka 3), hadi Tabora kuona Tembe la Kwihara, kisha wakati wa kurudi walale siku mbili kwa bibi. Ilikuwa safari nzuri. Ilikuja pia na ugonjwa ambao wazazi wengi wa mjini wameusahau na baadhi ya watoa huduma hawaukumbuki haraka, na ndiyo maana inasimuliwa katika ukurasa huu.

Ngome za udongo

Kwa msomaji wa ukurasa wa afya aliyezoea tembe za dawa, hapa tembe ni nyumba. Ni ile nyumba ya Wagogo, na ya jamii nyingine za kanda ya kati, ya pembe nne, fupi, yenye kuta nene za miti na udongo na paa bapa lililosakafiwa kwa udongo. Vyumba vimepangwa kuzunguka ua, na usiku ng’ombe hulala humo katikati huku watu wakiwa pembeni.

Mvua ya Dodoma ni chache, hivyo paa bapa linatosha. Jua ni kali, hivyo ukuta mnene hupoza. Upepo wa Juni na Julai unaujua mwenyewe ukikaa Dodoma, na nyumba fupi haisumbuki nao. Juu ya paa huanikwa mboga za mlenda, maboga na nafaka. Lakini kazi kubwa ya tembe ilikuwa ulinzi. Karne ya 19 nyanda hizi zilikuwa na uvamizi wa mara kwa mara wa kuchukua mifugo, na ua uliofungwa pande zote ulimpa mwenye ng’ombe nafasi ya kujihami.

Wageni waliopita hapa waliliona hilo. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ililazimika kuvuka Ugogo, na kila mtemi aliyekuwa na maji katika eneo lake aliidai ushuru kabla ya kuiruhusu kuendelea. Ushuru huo uliitwa hongo. Neno limebaki, maana yake imeharibika.

Lipo neno jingine ambalo watoto wa Dodoma wanalisikia kila siku. Wanyamwezi waliyaita makazi ya mtemi wao ikulu, au kwikulu. Familia hii ilipokuwa ikiondoka, kitindamimba aliuliza kama wanakwenda Ikulu ya Chamwino, ile iliyozinduliwa Mei 20, 2023. Baba alimwambia hapana, wanakwenda kule neno lenyewe lilikotoka.

Barabarani

Kutoka Dodoma hadi Tabora kupitia Bahi, Manyoni na Itigi ni zaidi ya kilomita 350, na hapo ndipo safari nyingi za familia zinapoharibikia. Mtoto wa miaka 7 alianza kutapika hata Bahi hawajafika, kwa sababu alikuwa ameinamia simu akiangalia katuni. Mama alimnyang’anya simu, akamhamishia katikati ya kiti cha nyuma ambako anaiona barabara mbele, akafungua kioo kidogo. Akatulia. Chakula chepesi kabla ya kuondoka, kupumzika kila baada ya saa mbili na macho kutazama mbali huwasaidia watoto wengi kuliko dawa za kichefuchefu ambazo wazazi hununua dukani bila kuuliza dozi ya umri.

Mikanda ya viti je? Gari la kuazima lilikuwa na mikanda miwili tu nyuma inayofanya kazi, na mama alitumia safari nzima akiwa amempakata mdogo. Hili halikupaswa kuwa hivyo. Gari likifunga breki ghafla, mikono ya mama haiwezi kumzuia mtoto. Mzazi anayeazima gari akague mikanda kabla ya kukagua redio.

Baada ya Bahi barabara hupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Ukisimama juu na kutazama nyuma, bonde lote la Bahi liko chini yako. Upande huo wa Manyoni ndiko iliko Kilimatinde, ambako Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi kabla reli haijafika, na mahali penyewe panajieleza: mwenye bunduki pale juu anamwona kila anayekuja. Kule Austria mabwana wa ngome walichagua vilima kwa sababu hiyohiyo. Baba alitaka kupinda kwenda Kilimatinde, mama akasema watoto wamechoka, na mama alikuwa sahihi.

Kwihara

Kwihara iko nje kidogo ya mji wa Tabora, upande wa kusini magharibi. Hapo ndipo lilipo tembe walimokaa Henry Morton Stanley na David Livingstone baada ya kukutana Ujiji mwaka 1871. Jengo linaloonekana leo lilijengwa upya miaka ya 1950 kwa mfano wa lile la zamani, na ndani yake kuna makumbusho. Si refu, halina mnara. Mtoto wa kiume alilitazama akasema, “Hii si ngome, hii ni kama kwa bibi.” Baba alifurahi kuliko mtu yeyote.

Historia ya nyumba hiyo ni historia ya wagonjwa. Stanley alikwama hapo kwa miezi mwaka 1871, njia ya kwenda Ujiji ikiwa imefungwa na vita kati ya Mirambo na Waarabu wa Tabora, na muda huohuo homa ilikuwa ikimwangusha na kumwachia. Livingstone naye alikuwa amedhoofu kwa miaka kadhaa. Januari 1867 wapagazi waliomtoroka waliondoka na sanduku lake la dawa, kwinini ikiwemo. Aliandika kwamba ilikuwa kama kuhukumiwa kufa, na kwa mtu mwenye homa za mara kwa mara hakuwa akitia chumvi. Kabla ya hapo alikuwa na vidonge alivyobuni mwenyewe, mchanganyiko wa kwinini na dawa za kuharisha, na vikaja kuuzwa hata Uingereza.

Wawili hao walifika Kwihara Februari 1872. Stanley akaondoka Machi 14. Livingstone akabaki peke yake akisubiri wapagazi na vifaa kutoka pwani hadi Agosti 25, ndipo akaelekea kusini. Hakurudi akiwa hai. Alifariki dunia Mei 1, 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wasaidizi wake, Susi na Chuma na wenzao, waliukausha mwili wake na kuubeba hadi pwani, wakipitia tena Unyanyembe, yaani eneo hili hili la Tabora.

Binti wa miaka 11 aliuliza swali ambalo wazazi wengi wangelipita: kwa nini jina la nyumba ni la mgeni aliyekaa miezi sita, wakati waliombeba wana majina pia? Baba, mwalimu, hakuwa na jibu la haraka.

Mtoto akiuliza habari ngumu

Hapo Tabora kuna habari nyingine ambayo ni nzito zaidi. Mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwa na ngome yake, ikulu yenye kuta nene, na mwaka 1892 iliwashinda Wajerumani mara kadhaa. Januari 1893 kikosi cha Tom von Prince kiliivunja. Isike hakutaka kukamatwa, akaiwasha baruti iliyokuwa ndani. Wajerumani walimkuta hajakata roho, wakamnyonga.

Je, mtoto wa miaka 7 aambiwe hayo? Wazazi hao walitofautiana. Mama alitaka yaishie kwenye “alipigana akafa”. Baba alitaka yote. Wakakubaliana, kando, wasubiri mtoto mwenyewe aulize na wamjibu kwa kadiri ya swali lake. Mtoto wa miaka 3 hana haja nayo. Wa miaka 7 aliuliza kama Isike aliumia, akaambiwa ndiyo, akanyamaza, kisha akauliza kama kuna soda. Wa miaka 11 aliuliza maswali hadi usiku. Mzazi asimlazimishe mtoto kusikiliza habari za kunyongwa ili “ajue historia”, wala asimdanganye mkubwa anayetaka kujua. Na mtoto akiota ndoto mbaya usiku huo, alale karibu na mzazi, yatosha.

Boma la Wajerumani lililoko Tabora mjini wao walilitazama kwa mbali tu. Liko chini ya jeshi, si mahali pa kuingia kiholela wala kupiga picha, na mzazi ni vema awaambie watoto wenye simu mapema.

Kuhusu malaria walikuwa makini. Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini, Tabora ni miongoni mwa ile iliyoathirika zaidi, na mtoto aliyekulia Dodoma anapokwenda Tabora hana kinga ambayo watoto wa huko wanaijenga kwa kuugua mara kwa mara. Mama alibeba vyandarua viwili vyenye dawa kutoka nyumbani, hata baada ya nyumba ya wageni kumhakikishia kwamba vipo. Vilikuwepo, vyenye matundu. Watoto walivaa mikono mirefu kuanzia saa kumi na mbili jioni.

Kwa hiyo walipoondoka Tabora mama alijua amemaliza kazi. Kwa bibi ni nyumbani, na vyandarua vilirudi chini kabisa ya begi.

Usiku wa kwa bibi

“Mbukwenyi!” Bibi aliwapokea mlangoni, na watoto wakaitikia “Mbukwa” jinsi walivyofundishwa ndani ya gari. Kisha akawazungusha nyumbani kwake kama mtunza makumbusho, tena bora kuliko wengi wenye vyeo hivyo. Aliwaonyesha mlango mfupi: anayeingia lazima ainame, na aliyeinama hawezi kukupiga. Aliwaonyesha kitundu cha ukutani ambacho mumewe, marehemu babu yao, alikitumia kuchungulia ng’ombe usiku. Alieleza jinsi mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijijini, matembe mengi yalibaki mahame, na jinsi wao walivyojenga jipya kwenye kiwanja walichopewa kwa sababu baba mkwe wake alikataa kulala chini ya bati.

Usiku wa kwanza vitanda vilikuwa viwili. Mama, binti na mdogo walilala kimoja, bibi kingine. Baba alilala kwenye gari. Mtoto wa kiume aliomba kulala chini kwenye mkeka, karibu na ukuta, “kama askari wa Isike”. Nani angemkatalia? Alilala hivyo siku zote mbili. Asubuhi ya pili alikuwa na alama mbili tatu ndogo nyekundu mguuni. Mama alidhani ni viroboto.

Homa iliyoondoka na kurudi

Siku ya nane baada ya kurudi Dodoma, mtoto wa kiume aliamka akitetemeka. Joto lilipanda, kichwa kikamuuma, viungo vikamuuma, akatapika. Mama alimpeleka kwenye zahanati moja ya karibu, na kwa kuwa ni mama anayejua, alisema mapema: tumetoka Tabora.

Maelezo hayo, ambayo yalikuwa sahihi kabisa, ndiyo yaliyowapoteza. Kipimo cha haraka cha malaria kilionyesha hana. Aliyemhudumia akasema huenda vimelea bado ni vichache, kwa kuwa wametoka Tabora apewe tu dawa ya malaria. Akapewa. Siku ya tatu homa ikashuka ghafla kwa jasho jingi, mtoto akaomba uji, na kila mtu akaamini dawa imefanya kazi.

Baada ya wiki moja homa ikarudi. Safari hii mtoto alikuwa dhaifu zaidi, macho yakiwa na manjano kidogo, akilalamika maumivu upande wa kushoto wa tumbo. Walikwenda hospitali. Daktari aliyempokea aliuliza swali moja ambalo zahanati haikuuliza: “Mlilala wapi, na alilala juu ya nini?”

Damu ilipakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa darubini. Mtaalamu wa maabara aliona bakteria wembamba waliojisokota kama springi kati ya chembe za damu. Ilikuwa homa ya papasi.

Papasi ni nani

Papasi si yule kupe mgumu anayemganda ng’ombe siku nzima. Ana ngozi laini yenye mikunjo, rangi ya kijivu au ya udongo, na mchana hujificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo au chini ya mikeka. Usiku hutoka, hunyonya kwa dakika chache hadi nusu saa, kisha hurudi ufani. Anayeumwa mara nyingi hahisi kitu. Anaweza kukaa miaka bila kula, ndiyo maana hata nyumba iliyohamwa muda mrefu si salama kulala chini.

Akimuuma mtu huweza kumwachia bakteria aitwaye Borrelia duttonii. Jina hilo linamkumbuka Everett Dutton, daktari Mwingereza aliyekuwa akiichunguza homa hii Kongo, naye ikamuua mwaka 1905. Mwaka huohuo Robert Koch, Mjerumani aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, alikuwa hapa kwetu akifuata njia za misafara. Alionyesha kwamba papasi wamejaa katika vibanda walimolala wapagazi na wasafiri, na kwamba papasi jike huwarithisha vijidudu watoto wake kupitia mayai. Kwa maneno mengine, njia ileile iliyojenga Kwihara ndiyo iliyokuwa ikisambaza papasi kutoka kituo hadi kituo, ndani ya mizigo na mikeka. Livingstone mwenyewe alikuwa amekwisha kuandika habari za kuumwa na kupe wa aina hii alipokuwa Angola, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1857.

Dalili huanza takribani wiki moja baada ya kuumwa, ingawa zinaweza kuwahi au kuchelewa. Homa kali huja ghafla pamoja na baridi, kichwa, misuli na viungo kuuma, wakati mwingine kutapika na macho kuwa ya njano. Hukaa siku chache, hushuka yenyewe, kisha hurudi baada ya siku kadhaa, na bila tiba inaweza kurudi mara nyingi. Sababu ni kwamba bakteria huyu hubadilisha sura yake ya nje kila kinga ya mwili inapomtambua. Mwili unaanza upya kumtafuta.

Kushuka huko ndiko kunakowadanganya wazazi. Mtoto akipewa dawa yoyote, iwe ya malaria, ya maumivu au mizizi ya jirani, siku mbili kabla ya homa kushuka yenyewe, dawa hiyo itapata sifa isiyo yake.

Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kumwona bakteria huyu, kinatafuta kitu kingine kabisa. Anayeweza kumwona ni mtu mwenye darubini, na ni rahisi zaidi damu ikichukuliwa wakati joto liko juu. Kwa hiyo mzazi anayeambiwa “malaria hana” na mtoto bado anaungua asiridhike na kupewa dawa ya malaria. Aseme mtoto alilala wapi wiki mbili tatu zilizopita. Aombe damu itazamwe kwa darubini. Kuomba si ukaidi.

Habari njema ni kwamba ugonjwa unatibika kwa antibiotiki za kawaida. Lakini si za kununua duka la dawa na kujitibu nyumbani, na si kwa sababu ya urasimu. Saa chache baada ya dozi ya kwanza bakteria wengi hufa kwa pamoja, na mgonjwa anaweza kupata mtikisiko mkali: joto kupanda, kutetemeka, mapigo ya moyo kwenda mbio, shinikizo la damu kushuka. Mtoto huyu aliupata. Kwa kuwa alikuwa wodini chini ya uangalizi, aliwekewa maji ya dripu, akafunikwa, na alfajiri akalala. Mama anasema hizo ndizo saa nne ndefu kuliko zote katika maisha yake, ikiwemo leba tatu.

Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito. Kwa mjamzito homa hii inaweza kuharibu mimba, kuleta uchungu kabla ya wakati au kumpoteza mtoto anapozaliwa. Mjamzito anayekwenda kusalimia kijijini kwenye nyumba ya udongo apewe kitanda, hata kama wazee watalala mkekani.

Nani atamwambia bibi?

Mtoto alipona. Ndani ya nyumba ya Nkuhungu ndipo ugonjwa mwingine ulipoanza.

Mama alisema watoto hawatalala tena kule. Baba alisema huko ni kumwambia mama yake kwamba nyumba yake ni chafu. Mama akasema hajasema chafu, amesema ina papasi. Baba akauliza tofauti ni nini ukiwa wewe ndiye mwenye nyumba. Walikaa hivyo karibu mwezi, na simu za bibi za kuuliza hali ya mjukuu zikawa zinajibiwa kwa ufupi.

Hapa baba alikuwa na hoja, ingawa hitimisho lake lilikuwa baya. Papasi si matokeo ya uchafu. Sakafu ya udongo inayofagiliwa mara tatu kwa siku ina nyufa vilevile. Anayeingia na lugha ya “usafi” kwa mama mkwe wake anatukana bila kujua, na pia anakosea kitaalamu.

Mwishowe baba alikwenda Bahi peke yake na kumweleza mama yake yote, hadi ile darubini. Bibi alimsikiliza, akacheka kidogo, akasema papasi anawajua tangu mtoto. “Sisi wametuzoea,” alisema. “Wageni ndio wanaowaumiza.” Hakukosea sana: watu wanaoumwa na papasi tangu utotoni hujenga kinga ya kiasi, na mgeni au mtoto mdogo ndiye anayelala kitandani wiki nzima. Kisha bibi akauliza, kwa sauti ya chini, kuhusu watoto wake wawili waliofariki wakiwa wachanga, wote kwa homa iliyoondoka na kurudi. Alitaka kujua kama ilikuwa hii. Baba hakuweza kumjibu, na hakuna ambaye angeweza baada ya miaka zaidi ya 40.

Ni bibi aliyepanga yaliyofuata. Hakutaka tembe livunjwe. Alikubali chumba kimoja, cha wageni, kipigwe sakafu ya saruji na kuta zake zizibwe nyufa na kulainishwa hadi kimo cha kitanda. Chumba kipuliziwe dawa na mtu wa afya wa kijiji atakayeelekeza aina yake. Vitanda viwili vya mbao visogezwe mbali na ukuta, na chandarua chenye dawa kichomekwe chini ya godoro pande zote, shuka zisiburute sakafuni. Mikeka iliyokaa ndani ianikwe juani na kukung’utwa nje kabisa. Mabegi ya wageni yatundikwe, yasikae chini, ili papasi asisafiri hadi Nkuhungu. Aliongeza la kwake: watoto wanawe uso kwa maji kila asubuhi na kila mmoja awe na kitambaa chake, kwa sababu nzi wa zizini wanaleta trakoma, na yeye dada yake alipofuka kwa ugonjwa huo.

Mifuko mitano ya saruji ilipelekwa Agosti. Fundi alitaka kusakafia na ua pia, bibi akamfukuza.

Desemba wanapanga kupita Mtera kwenda Iringa, kuiona Kalenga. Hapo Mkwawa alijenga ngome ya mawe ambayo Wajerumani waliibomoa kwa mizinga Oktoba 1894, na makumbusho ya hapo yana fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Gari ni lilelile la kuazima, ila mkanda wa tatu umeshatengenezwa. Bibi amesema naye anakwenda, hajawahi kuona ngome ya mtu mwingine. Mtoto wa kiume ameuliza jambo moja tu: kule Kalenga watalala kitandani au chini?